Ukuta Umebaki, Shamba Limehama

Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, gari hupanda kwanza mpaka masikio yanaziba. Huko juu, Ntokela na Isongole, ni nchi ya viazi mviringo na kabichi. Magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya lami, na kina mama wanauza wakiwa wamevaa makoti mazito ya mitumba na kofia za sufu. Kisha barabara inaanza kuteremka, na kadiri unavyoshuka ndivyo shamba linavyobadilika. Kiwira ni ndizi, mikungu imelazwa juu ya majani yake ikisubiri malori. Katumba ni chai. Na katikati ya chai, katikati ya ndizi, mpaka nyuma ya vibanda vya stendi, siku hizi ni parachichi.

Niliketi na mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Busokelo. Alinitajia bei ya kila zao tulilolipita: mwaka juzi lilikuwa shilingi ngapi, mwaka huu limeangukia wapi. Tulipokaribia Tukuyu akaniuliza nafuata nini.

"Majengo ya Mjerumani, mwalimu."

"Majengo yapo, yana ofisi ndani," akasema, akaanza kutafuta mfuko wake chini ya kiti. "Lakini ukishafika huko, angalia na mashamba yake."

Nilikuwa na sababu ya kufuata majengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari kwenye kalenda: jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka fulani wa karne ya 19 linalindwa na sheria yenyewe, bila kuombewa na mtu. La baada ya hapo sharti litangazwe rasmi kwanza. Kwa Kilwa au Bagamoyo mwaka huo una maana. Kwa Rungwe hauna, maana kuta kuukuu zote za wilaya hii ni changa kuliko huo mstari. Nyumba za Wanyakyusa zilizowashangaza wasafiri wa karne ya 19, za mianzi na udongo uliosilibwa na kupambwa kwa rangi, zilijengwa ziishiwe na kuachwa, na hakuna iliyotufikia. Matofali yalianza na wamisionari mwaka 1891. Basi nilitaka kujua ni nini kimezilinda kuta hizo miaka yote hii, kama si sheria.

Jibu la kwanza nililipata mapema, na halikuwa la kusisimua. Boma la Tukuyu limelindwa na kazi. Wajerumani waliweka makao yao ya kwanza ya wilaya kando ya Ziwa Nyasa mwaka 1893, wakayaita Langenburg, kwa heshima ya mwanamfalme wa Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa mkuu wa chama chao cha makoloni. Pwani ya ziwa ilikuwa na homa. Karne ilipogeuka walihamia huku juu kwenye baridi, wakapaita Neu Langenburg. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, Wajerumani wakaondoka, na jina lao likaondoka nao. Boma halikuondoka. Bwana shauri wa Kiingereza aliketi palepale alipoketi Mjerumani, na baada ya uhuru akaketi Mtanzania. Nilipofika, watu walikuwa kwenye foleni ya leseni na vibali, kijana mmoja amekaa juu ya jiwe la msingi anachaji simu. Kuta ni nene, mabati yamepakwa rangi, bendera inapepea. Ni jengo lililotunzwa kuliko yote niliyoyaona safari hii, na ndilo lenye machache ya kusimulia. Pale kilichobadilika ni nembo juu ya mlango tu. Anayekuja kupanga foleni ni yuleyule, mlipa kodi.

Misheni ya Rungwe ni habari nyingine. Unaacha lami, bodaboda inakata kuelekea mlimani, njia inapita kati ya migomba mpaka hewa inapoa na ghafla unaona miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Mlima wenyewe, mita 2,960, mara nyingi haujionyeshi. Siku ile ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Wamoraviani wa kwanza walikuwa wanne, wakiongozwa na Theodor Meyer. Walipitia Karonga, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki kabla ya kuiona Rungwe. Waliobaki walipewa mahali katika nchi ya malafyale, yaani chifu, Makapalile, wakaanza kufyatua matofali.

Kanisa lipo, nyumba za zamani zenye kuta pana na madirisha madogo zipo, makaburi yapo. Mzee anayeangalia mazingira alinipokea kwa Kinyakyusa kwanza, "Ugonile?", na mimi nikajibu nilivyofundishwa na mwalimu wa kwenye basi, akacheka na kuhamia Kiswahili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuona kaburi au kanisa? Wageni wote ni moja kati ya hayo."

Nikamwambia nataka kuona mpaka wa shamba la misheni. Alinitazama kwa makini zaidi, akaenda kuvaa mabuti.

Tulizunguka muda mrefu. Mzee hakuwa na ramani. Alikuwa na miti. Pale kwenye mkaratusi ule, alisema, ndipo ilipokuwa karakana ya seremala. Kutoka hapa mpaka kwenye kijito ilikuwa bustani ya mboga ya wazungu. Huku kulikuwa na kahawa ya kanisa. Sasa ni ndizi za watumishi, na mahindi. Kule juu, baada ya mianzi, si pa kanisa tena, ni pa msitu. Msitu huo ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1949, na mwaka 2009 ukapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ndimo alimoonekana kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wawindaji wa hapa walikuwa wakimsimulia tangu zamani na wanasayansi wakidhani ni hadithi. Kwa mkulima aliye ukingoni mwa msitu kipunji si ugunduzi. Ni mwizi wa mahindi.

Kilichonivutia kwa mzee ni namna alivyosimulia kukaa kwa watu. Misheni haikuwa kanisa pekee. Ilikuwa mwenye ardhi. Aliyejenga ndani ya mipaka yake alifuata amri zake: shule, ibada, siku za kazi, mke mmoja. Waliokuja kwanza walikuwa watu waliohitaji kimbilio, waliogombana na kwao, waliokimbia vita au deni. Kwa kuwapa mahali pa kulima, mmisionari alijikuta amekuwa malafyale wa namna yake, akiamua kesi za migomba. Kisha historia ikamchezea yeye mwenyewe. Mwaka 1916 Wajerumani waliondolewa na Waingereza, na kwa takriban miaka kumi misheni ikaangaliwa na Waskoti wa Livingstonia kutoka upande wa pili wa ziwa, watu wachache kwa eneo kubwa. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, na vita ya pili ikawatoa tena. Kila walipoondoka, watu waliobaki waliendelea kulima. Mzee alilisema hili bila kulikazia: "Baba yangu alizaliwa humu. Mzungu aliondoka, ndizi haikuondoka."

Ili kuielewa sentensi hiyo ilibidi nirudi kwenye vitabu nilivyokuwa navyo kwenye mkoba. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na Godfrey mwaka 1938 alichapisha andiko zima juu ya haki za ardhi za mtu mmojammoja huku Rungwe. Walichokiona hakikuwa na mfano mahali pengi. Vijana wa kiume walikuwa wakitoka kwa baba zao wangali wadogo na kujenga kijiji chao wenyewe, marika kwa marika. Wakisha kuwa watu wazima wenye wake na watoto, ilifanyika sherehe ya kizazi, ubusoka. Nchi iligawanywa, wana wa malafyale wakashika usukani, wazee wakasogea pembeni na mashamba yao yakahama mikono. Mti ulipandwa kuwa ushahidi. Jambo hilo lilitokea mara moja kwa kizazi. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe alijua siku yake ya kusogea itafika.

Hebu weka jengo la matofali katikati ya utaratibu huo. Nimewasikia watu wakisema tofali la Mjerumani ndilo lililouvunja, na zamani niliona hoja hiyo ina uzito. Baada ya kuzunguka na mzee siioni tena. Tofali ni kitu kipole. Unaweza kuligeuza karakana kuwa stoo, bweni kuwa ofisi, na wala halibishi. Kitu kilichokataa kusogea Rungwe ni mmea wa kudumu. Mahindi na maharage unavuna, unaondoka, mwenzako anapanda. Mkahawa unataka miaka mitatu au zaidi kabla ya kukupa kitu, halafu unakulipa kwa miongo. Nani atapanda mkahawa, asubiri, kisha auachie rika la wadogo zake kwa sababu ya sherehe? P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1950 na kutoa taarifa yake mwaka 1958, alikuta vijiji vya marika vinasambaratika, na wanaume waliorudi kutoka migodi ya Lupa na ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini wakishikilia vipande vyao kwa nguvu, wakiviwazia watoto wao wa kuwazaa. Ardhi ilikuwa imejaa watu, ni kweli. Lakini na kahawa ilikuwa imeota.

Kwa hiyo nilikwenda Kyimbila.

Kama Tanzania ingekuwa na desturi ya kuweka jiwe la ukumbusho kwa ajili ya mmea, moja lingepaswa kuwa hapa. Chai iliingia nchini kupitia milango miwili: kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara mwaka 1902, na Kyimbila mwaka 1904. Kilimo chake cha biashara kilianza baadaye sana, 1926, chini ya Waingereza. Kyimbila ilikuwa shamba na kituo cha biashara cha Wamoraviani, si mbali na Tukuyu, na kabla ya vita ya kwanza liliangaliwa na Adolf Stolz, mmisionari aliyekuwa na ugonjwa mzuri wa kukusanya mimea. Alikausha maelfu ya matawi na maua kutoka misitu na mabonde ya hapa, akayasambaza Ulaya. Sehemu iliyokuwa Berlin iliteketea kwa mabomu Machi 1943, ila nakala zilizokuwa zimetumwa kwingine zilipona. Mpaka leo mtaalamu wa mimea anayefungua kabati la makumbusho mbali kabisa na hapa hukutana na neno Kyimbila kwenye lebo, limeandikwa kwa mkono, bila kujua kama ni mlima, mto au mtu. Kuna mti mkubwa wa jamii ya mikangazi uliowahi kupewa jina Entandrophragma stolzii kwa ajili yake. Baadaye wataalamu waliuunganisha na spishi nyingine, ileile ambayo mti wake mmoja huko Kilimanjaro ulipimwa na kukutwa na zaidi ya mita 80.

Ukifika Kyimbila hukuti kabati wala lebo. Unakuta kanisa, shule, vibanda vya vocha, na chai. Siku niliyofika wachumaji walikuwa kazini, vikapu mgongoni, aproni za nailoni zimefungwa kiunoni zizuie umande. Wanachuma majani mawili na chipukizi, mikono inakwenda haraka kuliko macho ya mgeni. Karani wa mizani alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kukusanyia, daftari limefunikwa na plastiki. Nikamwuliza kama kuna mche wa wakati wa Mjerumani uliobaki. Akaita watu. Kila mmoja akanionyesha mche tofauti, na kila mmoja aliapa ni huo. Mama mmoja alikuwa na hoja bora kuliko wenzake: akapanua matawi kwa mikono miwili akanionyesha shina, nene kama paja, wakati kimo chake hakipiti kiuno. Chai ikiachwa huwa mti. Tunaouona ukiwa kichaka ni mti uliokatwa kichwa kila baada ya miaka michache, na ukitunzwa hivyo unaweza kuishi zaidi ya miaka mia. Hakuna ukuta wa Rungwe uliotumika kila wiki ya uhai wake namna hiyo.

Umiliki wa ardhi ya mashamba ya namna hii umepitia mikono mingi. Baada ya vita ya kwanza mali za Wajerumani ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na mashamba yao mengi yakauzwa. Hati miliki za kudumu walizoacha wakoloni zilifutwa na sheria ya mwaka 1963, zikageuzwa kuwa pango la serikali, na mwaka 1969 zikawa haki ya kukalia ardhi kama tunayoijua leo. Mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai, na wakulima wadogo wakaanza kupewa miche wapande nyuma ya nyumba zao. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vilikuwa kwa ajili yao. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 2000 umoja wa wakulima wadogo wa chai Rungwe ulipata hisa katika kampuni iliyochukua viwanda hivyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wakati ule na lilisifiwa, kwa haki. Kwa njia hiyo zao la bwana mkubwa wa Kyimbila likawa zao la mwenye nusu eka.

Nusu eka hiyo ndiyo inayohama sasa. Niliiona kwa kaka mmoja aliyekubali nitembee shambani kwake, mwendo mfupi kutoka kanisani. Mistari ya chai ya babu yake ipo bado, lakini hajaipunguza kwa misimu kadhaa na imeanza kupanda juu kuwa miti, matawi yameachana, chini kumeota magugu. Katikati ya mistari, kila baada ya hatua saba au nane, kuna mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa, umezungushiwa matandazo.

"Kwa nini using'oe chai moja kwa moja?" nikamwuliza.

"Kuing'oa ni gharama, kaka. Mizizi ile ni ya babu, inataka watu watatu kwa siku kwa mistari michache. Naiacha. Parachichi likikua litaifunika, itajifia yenyewe."

Akanieleza hesabu zake, na siwezi kuzilaumu. Chai inakulipa kila mwezi, kama mnunuzi analipa. Kwake malipo yalichelewa mpaka akawa anakopa sukari dukani huku anauza majani. Parachichi linampa pesa kwa msimu, lakini ni pesa anayoweza kuezekea nyumba. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu. Wanunuzi wanakuja na kreti zao mpaka barabarani. Novemba 2022 China ilikubali kuingiza maparachichi kutoka Tanzania, na habari hiyo, aliniambia, ilifika Kyimbila kabla haijasomwa redioni, maana madalali walikuwa wameshaanza kupandisha bei ya miche.

Nikamwuliza kama haogopi soko hilo nalo kuanguka. Alicheka. "Kahawa ilianguka, tukapanda chai. Chai imeanguka. Watoto wangu watajua wenyewe la kupanda."

Hapo ndipo nilipokubaliana na mwalimu wa kwenye basi. Mwenye nyumba ya zamani Tukuyu akitaka kubomoa ukuta wa Mjerumani, huenda mtu akapiga simu, huenda kikao kikaitwa. Lakini mstari wa chai uliopandwa na babu, uliochumwa na vizazi vitatu, wa zao lililolipa ada za walimu wengi wa wilaya hii, unafunikwa na kivuli cha parachichi na hakuna hata mmoja anayeona kuna kitu cha kuulizwa. Sisemi apewe mtu amri ya kuendelea kulima chai kwa ajili ya kumbukumbu. Huo ungekuwa uonevu, na Rungwe imewahi kupata bwana wa kuiamulia la kulima. Nasema tu kwamba tulichokiita urithi tulikitafuta kwenye kitu kisicho sahihi. Walau mche mmoja wa wakati wa Mjerumani, wenye shina lile alilonionyesha mama, ungestahili kuwekewa uzio mdogo na watoto wa shule wakaambiwa ulitoka wapi.

Kutoka Tukuyu njia ya Ipinda inashuka kusini-mashariki, na baada ya kilomita kama 15 unafika Masoko. Joto linapanda, unavua koti. Hapa kuna ziwa la kreta, Kisiba, la mviringo, upana wake kama mita 700, kina chake kinakaribia mita 40, halina mto unaotoka. Ukingoni juu yake kuna jengo la mawe ambalo Wajerumani walilijenga karibu na mwaka 1912 kwa ajili ya Kompania ya Tano ya jeshi lao. Askari wa hapa ndio waliokwenda kupigana Karonga Septemba 1914 chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller, wakashindwa. Baada ya 1916 Waingereza waliweka wanajeshi wao humohumo kwa muda. Kisha jengo likawa mahakama.

Vijana wa pale wana biashara yao ya historia. Watakuambia kwamba Mjerumani alipoona amezidiwa alitumbukiza ziwani bunduki, magari na masanduku ya fedha, na mmoja atatoa mfukoni sarafu nyeusi ya heller akuuzie. Sikununua, ila nilisikiliza hadithi mpaka mwisho, na ni nzuri.

Hazina yenye uhakika zaidi iliyomo kwenye ziwa hilo ni tope. Wanasayansi walizamisha mabomba wakavuta nguzo za tope lililotulia kwa makumi ya maelfu ya miaka, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 walihesabu chavua za miaka 4,200 ya mwisho: miti gani ilikuwepo, lini ilipungua, lini nyasi zilizidi. Swali walilojiuliza ni kama mabadiliko hayo yaliletwa na hali ya hewa au na mkono wa binadamu. Ina maana kwamba chini ya ile mahakama kuna daftari la matumizi ya ardhi ya Masoko ambalo halijaruka ukurasa: msitu, moto, mashamba. Na chavua za chai na parachichi zinaanguka humo msimu kwa msimu.

Nilifika siku ya mahakama. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wengine kwenye kivuli cha ukuta ambao miaka mia na kidogo iliyopita ulikuwa na mlinzi mwenye bunduki. Kisheria, Mahakama ya Mwanzo haisikilizi migogoro ya ardhi. Tangu sheria ya mwaka 2002, mgogoro wa shamba huanzia kwenye baraza la kijiji, kisha la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mirathi ya kimila ni kazi ya Mahakama ya Mwanzo, na Rungwe mirathi ni shamba. Ardhi ikizuiwa mlangoni huingia dirishani ikiwa imevaa sanda.

Shauri lililowakutanisha wengi siku ile lilikuwa la aina hiyo. Marehemu aliacha kipande cha shamba. Ndugu zake wa kiume walisema ni la ukoo, kwa kuwa chai iliyomo ilipandwa na baba yao. Mjane alisema chai hiyo ilikuwa imekufa alipoolewa, na maparachichi yanayozaa sasa ni yeye aliyeyapanda, kwa mikono yake na kwa pesa ya kuuza ndizi. Marehemu alikuwa Mbeya miaka hiyo. Binti yao mkubwa alisimama akaeleza alivyokuwa akibeba maji ya kumwagilia miche kabla ya kwenda shule. Shemeji mmoja akasema miche ilikuwapo tayari huyo mama alipokuja. Watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakaguna, wengine kwa upande huu, wengine kwa ule.

Hakukuwa na hati. Hakukuwa na risiti ya miche. Hakimu aliuliza maswali machache, akaandika kwa muda mrefu, kisha akaahirisha. Karani alitoka nje akawaeleza wahusika la kufanya: siku ya shauri waje na bwana shamba wa kata, akiwa amefika shambani na kuikagua miti yote, aieleze mahakama ule wa parachichi una umri gani na ule wa chai una umri gani. Mjane akauliza ni nani atamlipia bwana shamba nauli. Karani akasema wachangiane.